Mpigo Hafifu Usihesabiwe Kuwa Kulika

Miaka kadhaa iliyopita niliikataa dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1892, yenye herufi O upande wa nyuma, kwa sababu nywele zilizo juu ya sikio la yule mwanamke anayewakilisha Uhuru zilikuwa bapa, kana kwamba vidole vya watu wengi vimezisugua. Nilimwambia aliyenionyesha kwamba sarafu hiyo imetumika sana, nikamrudishia. Nilikosea. Sarafu ile haikuwa imelika hata kidogo, bali ilitoka hivyo kiwandani New Orleans, ambako dola nyingi za Morgan za mwaka huo, yaani za aina hiyo iliyopewa jina la mchongaji wake, zilipigwa chapa kwa udhaifu unaoonekana hata bila lenzi, yaani kwa mpigo hafifu. Kosa hilo lilinifundisha kwamba anayepanga daraja la sarafu ana maswali mawili ya kujibu, yaani sarafu ilizaliwaje na imetunzwaje, na kwamba jibu la moja halipaswi kuchukua nafasi ya jibu la jingine.

Ugumu wenyewe unatokana na jinsi sarafu inavyotengenezwa. Kisahani cha fedha hubanwa kwa nguvu kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, na kwa muda mfupi sana fedha hulazimika kutiririka hadi ijaze kila shimo lililochongwa ndani ya mihuri hiyo. Mashimo yenye kina kikubwa ndiyo hujaa mwisho. Kama mihuri imewekwa mbali kidogo kuliko inavyotakiwa, au kisahani hakikulainishwa kwa moto vya kutosha, au uzito wake umepungua, fedha huishia njiani na kilele cha picha hakipatikani. Katika dola ya Morgan, nywele za juu ya sikio na kifua cha tai aliye upande wa nyuma vinakaa katikati, kimoja mgongoni mwa kingine, kwa hiyo pande zote mbili hugombea fedha ileile. Lakini vilele hivyo hivyo ndivyo vinavyoguswa kwanza sarafu inapopita mikononi mwa watu, na ndiyo maana mpigo hafifu na kulika huacha ubapa mahali palepale.

Namna ya kuvitenganisha ipo, nayo inahitaji subira kuliko vifaa. Ishike sarafu kwa ukingo, chini ya taa moja, uigeuze polepole. Sarafu ambayo haijatumika huwa na mng'ao unaozunguka pamoja na mwanga, kwa kuwa fedha iliyotiririka imeacha mistari midogo sana inayoelekea ukingoni. Pale palipolika, mng'ao huo hukatika, na rangi hugeuka kuwa kijivu kilichofifia na laini. Pale ambapo chapa haikufika, hali ni tofauti kabisa, kwani utaona uso wa awali wa kisahani, pamoja na vishimo na mikwaruzo midogo ambayo kisahani kilikuja nayo kabla ya kubanwa, ambayo shinikizo kamili lingeifuta. Kisha tazama shavu. Ikiwa nywele ni bapa lakini shavu, ambalo nalo limeinuka, linang'aa bila kukatika, basi usiilaumu mikono ya watu. Tazama pia kifua cha tai upande wa pili, maana udhaifu wa mpigo mara nyingi huonekana pande zote mbili kwa pamoja.

Picha pekee hainitoshelezi kwa kazi hii. Taa ikiwekwa upande mmoja huweza kuzificha nywele zilizopo, au kuzipa kina zisichokuwa nacho.

Lipo pia tatizo la mihuri iliyochoka, ambalo wengi huliita mpigo hafifu ingawa si jambo lile lile. Muhuri uliopiga sarafu nyingi hupoteza makali yake, herufi huonekana kama zinavutwa kuelekea ukingoni, na uwanja wa sarafu huwa na chembechembe, wakati mwingine pamoja na mng'ao mkali. Hapo fedha ilijaa vizuri. Kilichokosekana ni makali ya muhuri wenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotofautiana na wakusanyaji wengi. Husemwa mara kwa mara kwamba dola fulani "imepigwa vizuri kwa sarafu ya New Orleans", na kwa kauli hiyo inasamehewa ubapa ambao usingesamehewa katika dola ya San Francisco ya mwaka 1881, ambayo kwa kawaida huwa na kila unyoya wa kifua. Sikubaliani na msamaha huo. Historia ya kiwanda inaeleza kwa nini sarafu iko hivyo, lakini haiongezi nywele zisizokuwapo. Mpigo unapaswa kupimwa kwa kile ambacho mchongaji alikusudia kionekane, kisha adimu ya sarafu hiyo ijadiliwe peke yake.

Wala sidhani kwamba tiba ni kuchagua sehemu moja ndogo na kuifanya hakimu wa sarafu nzima. Katika robo dola ya Uhuru Aliyesimama, iliyochongwa na Hermon MacNeil na kutolewa kuanzia 1916 hadi 1930, sifa inayotafutwa ni kichwa kamili, na kwa sababu hiyo nimewahi kuona watu wakishangilia kichwa huku misumari ya ngao, sentimita moja tu chini yake, imefutika kabisa. Katika dime ya Mercury, sarafu ya senti kumi, watu hutazama mikanda inayofunga kifungu cha fimbo upande wa nyuma. Ile ya mwaka 1945 ya Philadelphia ilitolewa kwa zaidi ya milioni 159, lakini yenye mikanda iliyogawanyika kikamilifu ni adimu mno. Adimu hiyo ni ya kweli na naiheshimu. Ninachopinga ni kumfundisha mkusanyaji mpya kutazama mikanda kabla hajaitazama sarafu.

Mfano unaonigusa zaidi ni dola ya Amani ya mwaka 1921, kazi ya Anthony de Francisci. Ilipigwa chapa katika siku za mwisho za Desemba, zaidi kidogo ya vipande milioni moja, na picha yake ilikuwa imeinuka kiasi kwamba mitambo haikuweza kuijaza ipasavyo, hadi mwinuko huo ukapunguzwa mwaka 1922. Nywele za katikati ni dhaifu katika nyingi ya dola hizo. Kipimo cha daraja la sarafu, kinachofika hadi 70, ambacho William Sheldon alikibuni mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba, kinaweza kuipa mojawapo 64 na kunyamaza juu ya nywele hizo. Kwa hiyo katika daftari langu kila sarafu ina mistari miwili, wa kwanza wa utunzaji na wa pili wa mpigo. Kama ile dola ya 1892 ingekuwa yangu leo, mstari wa kwanza ungesema: haijatumika, mng'ao haujakatika popote. Wa pili ungesema: nywele juu ya sikio hazikujaa, kifua cha tai ni bapa.