Vidole vikizama, rudini kliniki

Habari yenu imeeleza vizuri hogo (plasta ngumu za kunyoosha mguu) za kila wiki kwa vichanga wenye miguu kifundo, yaani nyayo zilizopinda kwa ndani tangu kuzaliwa, ila baridi ya huku Mbeya imesahaulika. Hogo hushika kwa dakika chache lakini hukauka kabisa baada ya siku moja au mbili, na Juni huchelewa zaidi. Ikiwa mbichi msiifunike blanketi, wala msimsogeze mtoto kwenye jiko la mkaa, jamani! Bonyezeni vidole: rangi isiporudi upesi, hogo inabana; vidole vikizama ndani, imeteleza. Rudini siku hiyohiyo. Hogo zikiisha ni viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha wakati wa kulala hadi miaka 4. Wengi huviacha mguu ukishanyooka, na hapo ndipo hupinda tena.