Siku Trekta Lilipoanua Kanga za Mama Mkwe

Nilipokuwa mtoto Muheza, trekta lilikuwa kitu cha kuogopwa. Massey Ferguson jekundu la shamba la mkonge lilipopita na tela lake nyuma, tulisogea pembeni ya barabara kwa adabu ile ile tuliyomsogelea nayo shehe, kwa sababu gurudumu la nyuma peke yake lilitupita kimo. Kwa hiyo jirani yangu wa hapa Ohio, mzee Mmarekani anayeishi upande wa pili wa uzio wangu nje kidogo ya Columbus, aliponiita bandani kwake kuniuzia trekta, nami nikakuta kidude cha njano na nyeupe ambacho boneti yake iliishia kiunoni mwangu, nilimtazama usoni nikitafuta dalili ya mzaha. Hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa na machozi.

Kilikuwa Cub Cadet 122, trekta la bustani lililotengenezwa na International Harvester mjini Louisville, Kentucky, katikati ya miaka ya 1960, wakati ambapo familia nyingi za Marekani zilikuwa zimehamia pembezoni mwa miji na kujikuta na viwanja vya nyasi vikubwa mno kwa mashine ya kusukuma kwa mkono na vidogo mno kwa trekta la shamba. Mzee alinieleza kwa kirefu kwamba hicho si kichezeo: sehemu ya nyuma, gia na difu, imetokana na ile ya trekta la kweli la shamba, Farmall Cub, na nguvu ya injini hufika nyuma kwa shafti, si kwa mkanda kama mashine nyingi za aina yake. Injini yenyewe ni Kohler ya pistoni moja, sentimita za ujazo 477, nguvu za farasi 12. Kohler ni wale wale wanaotengeneza masinki na vyoo, jambo ambalo baadaye lilimshangaza mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekwisha kulisoma jina hilo mahali pengine ndani ya nyumba na akaniuliza, kwa heshima zote, kama nilikuwa na hakika kwamba kile ni kifaa cha shambani.

Nililipa, nikalisukuma hadi gereji, na majira yote ya baridi nikawa mume wa trekta. Nilikwangua kutu, nikapiga msasa, nikafungua kabureta na kuikuta imejaa utando wa petroli ya zamani uliokauka kama gundi. Nilijifunza kwamba starta na jenereta katika mashine hizo ni mtungi mmoja uliofungwa kwa mkanda pembeni mwa injini: huizungusha injini mpaka iwake, kisha hugeuka na kuanza kuchaji betri, kama yule mfanyakazi anayefungua duka asubuhi na kulilinda usiku. Nilijifunza pia habari za pointi za moto, vile vijiti viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana ili plagi itoe cheche, ambavyo mwanya wake unatakiwa uwe sehemu 20 za elfu ya inchi, yaani nusu milimita. Nusu milimita hiyo ilinigharimu majuma mawili. Nikikaza skrubu, mwanya ulijifunga, nikilegeza, ulijiachia, na kila nilipofaulu, nilipiga chafya kwa ajili ya vumbi na kuanza upya.

Breki ndiyo niliyoiacha ya mwisho. Uwanja wangu una mteremko mdogo kuelekea kwa jirani, na breki ya trekta ilikuwa ya kuomba, si ya kuamuru. Hata hivyo sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa marehemu baba, aliyeanza maisha kama utingo wa lori, alinirithisha elimu ya kuegesha gari lisilo na breki: gia ndani, jiwe mbele ya gurudumu. Basi kila jioni nililitia trekta gia ya kwanza na kusogeza mbele ya gurudumu jiwe moja zuri, bapa upande mmoja, ambalo nililiokota ukingoni mwa kijito nikalipenda.

Mwezi wa Juni mama mkwe wangu alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Alikuta mashine ya kukaushia nguo, akaichunguza, akatamka kwamba nguo haipikwi, huanikwa. Tukafunga kamba kutoka kwenye mti wa mwaloni hadi kwenye nguzo tuliyoichimbia upande wa pili wa uwanja, na kila asubuhi kanga zake zikawa zinapepea mbele ya gereji yangu.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huo nilikuwa na haraka. Mji wetu hufanya gwaride tarehe 4 Julai, siku ya uhuru wao, na wenye matrekta ya zamani huyaendesha barabarani huku watu wakipunga vibendera, na jirani alikuwa amekwisha kuniandikisha bila kuniuliza. Lakini trekta lilikuwa halijanguruma hata mara moja. Nilipozungusha ufunguo lilisema "tk" na kunyamaza. Betri ilikuwa imejaa, cheche ilikuwepo, kwa hiyo nikamshuku solenoidi, yule mlinzi anayefungulia umeme wa betri uende kwenye starta, na nikaamua kumpita. Nikaacha ufunguo ukiwa wazi, nikatoa kichujio cha hewa na kumimina kijiko kimoja cha petroli mdomoni mwa kabureta, nikasimama pembeni, kisha nikaunganisha ncha mbili nene za solenoidi kwa bisibisi. Mtu mwenye akili timamu hamwagi petroli na kurusha cheche kwa pumzi moja. Mimi nilikuwa nimeshindwa kwa miezi mitano, na akili ilikuwa imekwenda likizo.

Likawaka. Injini ile ilinguruma kama iliyotoka kiwandani jana, nami nikainua mikono juu, na furaha yangu ikadumu kwa muda wa kufumba na kufumbua, kwa maana trekta lilinipita. Lilikuwa kwenye gia ya kwanza, kama nilivyoliacha. Jiwe halikuwepo.

Siku hizi mashine ya nyasi huwa na swichi chini ya kiti, ambayo huzima injini ikiona hakuna mtu juu yake. Mashine ya miaka ile ilimwamini mwenyewe. Trekta langu lilitoka gerejini bila dereva, kwa mwendo wa mtu anayemsindikiza mgeni hadi njia panda, wala halikuonyesha haraka yoyote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba mtu yeyote angeweza kulifikia na kulirukia.

Mtu yeyote aliyevaa suruali. Mimi, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na nilikuwa nyumbani kwangu, nilikuwa nimevaa msuli. Hatua tatu za kwanza za kukimbia zilinitosha kugundua kwamba fundo limelegea, na kwamba mama mkwe wangu amekaa kibarazani anachambua mchele. Mwanamume aliye katika hali hiyo ana mikono miwili tu, na mmoja umekwisha kupata kazi ya kudumu. Kurukia kiti kwa kupanua miguu lilikuwa jambo lisilofikirika. Nikakimbia kando ya trekta, mkono wa kushoto kiunoni, mkono wa kulia ukielea hewani kutafuta ufunguo.

Kabla sijaupata, tukafika kwenye kamba. Usukani uliinasa katikati, kamba ikakaza, nguzo ya upande wa pili ikalala chini, na kanga zote zikashuka pamoja. Hapo ndipo nilipoliona jiwe langu: lilibingirika kutoka kwenye shina la nguzo, ambako mtu alikuwa amelitia kama kabari ili nguzo isiyumbe. Kanga moja ilijizungusha kwenye usukani na kufunika dashibodi nzima. Nyingine ilikaa kitini, wima kabisa kwa sababu ya unyevu, kama abiria aliyelipa nauli, na maandishi yake yakawa yanasomeka vizuri kutoka nilipokuwa: JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Nyingine tatu zilifuata nyuma zikipepea.

Nikaingiza mkono chini ya ile iliyofunika dashibodi, nikapapasa, nikashika kitu, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa kishikio cha mafuta. Trekta likaacha mwendo wa kusindikiza mgeni na kushika mwendo wa mtu anayewahi kivuko.

Ng'ambo ya uzio, jirani alikuwa akigeuza nyama juu ya jiko la mkaa. Alisikia mlio, akainua uso, na akaona trekta lake la zamani linamjia limepambwa bendera za rangi zote, na pembeni yake mtu aliyevaa vazi la kitamaduni anakimbia kwa mkono mmoja kiunoni. Alivua kofia. Akaiweka kifuani. Nami nilipomwita kwa sauti anisaidie, alinijibu kwa kunipungia koleo la nyama, akimwita mkewe atoke aje atazame mazoezi ya gwaride.

Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, licha ya ushauri wa yule abiria kitini, niliposikia kandambili nyuma yangu. Mama mkwe hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wa mtu anayekwenda kufunga dirisha mvua ikianza, akaokota njiani kanga moja iliyokuwa imeanguka, akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kifurushi, akatembea sambamba na injini kwa hatua mbili hivi akiikagua, kisha akakikandamiza kifurushi kwenye mdomo wa kabureta ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeuacha wazi. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikazima. Tulikuwa tumekwisha kupita juu ya tuta moja la mchicha wake, na kati ya gurudumu la mbele na uzio wa jirani usingeweza kupitisha mbuzi.

Ni hapo nilipokumbuka kwamba mama huyu aliendesha mashine ya kusaga kwa miaka mingi, akiwa na injini ya Lister ya dizeli aliyoiwasha kwa mkono kila alfajiri, na dizeli ikipandisha mbio yenyewe haina plagi ya kuchomoa wala ufunguo wa kuzungusha.

"Pumzi, baba," aliniambia, bila kunitazama, kwa kuwa bado nilikuwa nahangaika na fundo. "Injini ikikushinda, izibe pumzi. Sisi tulitumia gunia."

"Ahsante, mama. Nisamehe kwa kanga."

"Kanga zitafuliwa." Akanyamaza kidogo, akilitazama jiwe pale chini ya nguzo iliyolala. "Lile lilikuwa lako? Nilikuta limekaa mbele ya gurudumu, nikadhani ni jiwe tu."

Sikuwa na jibu, kwa sababu lilikuwa jiwe tu.

Jirani aliegemea uzio akitaka kujua kama siku yenyewe ya gwaride tutatumia bendera zile zile, maana zimependeza sana. Mke wangu, aliyekuwa ametoka kwa kelele na sasa amekaa kwenye nyasi kwa sababu kicheko kilikuwa kimemlegeza magoti, alimtafsiria mama yake. Mama mkwe aliichunguza kanga ya kifurushi, ambayo ilikuwa na duara jeusi la masizi na harufu ya petroli katikati, akasema ajibiwe kwamba lile ni suala la mwenye trekta, yeye ni mgeni.

Nilizifua kanga zote mwenyewe jioni ile, kwa mkono, mara mbili, nikiwa nimevaa suruali.

Wakati wa chakula cha usiku mama mkwe alitoka chumbani akiwa amejitanda kanga nyingine, mpya, ambayo sikuwahi kuiona, na mke wangu alipoyasoma maandishi yake alilazimika kuweka chini sahani ya wali. Mimi sikuyasoma. Mkwe hamkodolei macho mama mkwe wake kwa muda unaotosha kusoma. Nimekwisha kumwuliza mke wangu mara tatu yalisema nini, na kila mara anaanza kunieleza vizuri, anafika neno la pili, kisha anatoka nje ya chumba.