Hipnosisi: ni usingizi kweli au ni mawazo tu ya mtu?

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, wanasayansi Benjamin Franklin na Lavoisier wakiwemo, ichunguze tiba iliyokuja kuzaa hipnosisi (kumtuliza mtu na kumwelekeza kwa maneno), tiba ya Mesmer, yule daktari aliyedai kuna nguvu isiyoonekana anayoweza kuielekeza mwilini mwa mgonjwa. Mwanafunzi wa Mesmer akautia nguvu hiyo mti mmoja bustanini kwa Franklin, halafu kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni akapitishwa mti kwa mti, kufika wa nne akazimia, na mti wenyewe haukuwa ule. Tume ikasema nguvu hakuna, ni mawazo tu.

Mi napingana na hiyo "tu". Dogo si alizimia kweli?

Wanaosema hipnosisi sio hali yoyote ya ajabu wana hoja nzito, mtu hajalala usingizi, anasikia kila kitu, na mengi anayoyafanya anaweza kuyafanya hata bila kuhipnotaizwa akiwa ana nia na anategemea itokee. Pia nguvu haiko kwa anayeongea, kuna watu maneno yanawaingia haraka sana na wengine hata umwambie mkono umekuwa mzito mpaka jioni wala, na tabia hiyo haibadiliki sana hata miaka ikipita.

Lakini sasa angalia Montreal 1997. Pierre Rainville na wenzake waliwahipnotaizi watu wakawatumbukiza mkono kwenye maji ya moto, maji yaleyale, kilichobadilika ni maneno tu, mara waambiwe maumivu yatawakera zaidi mara yatawakera kidogo, na kwenye picha za ubongo ile sehemu inayohusika na kero ikapanda na kushuka kufuata maneno, wakati ile inayopokea maumivu yenyewe haikuyumba hivyo. Huyo haigizi ili kumfurahisha daktari. Na hospitali ya Liège, Ubelgiji, tangu 1992 wanapasua wagonjwa kwa hipnosisi pamoja na ganzi ya sehemu na dawa kidogo za kutuliza, mgonjwa akiwa na fahamu zake.

Kwa hiyo kwangu pande zote mbili, wanaosema ni hali ya pekee na wanaosema ni mawazo tu, zinaongelea kitu kimoja, matarajio ya mtu yanagusa mwili kwelikweli.

Ila hapohapo ndo naogopa, maana neno linaloweza kupunguza maumivu linaweza pia kumpandikizia mtu kumbukumbu ya jambo ambalo halikutokea, tena akaliapia kabisa kwa moyo safi. Mahakama ya Juu ya Kanada ililiona hilo 2007, ikasema ushahidi uliotokana na hipnosisi usipokelewe kwenye kesi za jinai. Mgonjwa mwenye maumivu mpelekeeni hipnosisi, shahidi mwacheni na kumbukumbu zake zilivyo.