Bia Kali Haipimwi kwa Kuangusha Watu

Weka mezani chupa ya bia isiyozoeleka kwenye baa yoyote ya Mtwara, kuanzia Shangani hadi Mikindani. Kabla haijafunguliwa utaulizwa: "Hiyo ina asilimia ngapi?" Ukijibu 8.5, mmoja atapiga mluzi, mwingine atasema hiyo ukinywa moja tu unalala hapohapo. Bia imeshahukumiwa na hakuna hata aliyeinusa.

Nina ugomvi na swali hilo. Siyo kwamba nguvu ya kinywaji haina maana. Tatizo ni kwamba likishaulizwa, hakuna linalofuata, na kwa bia za dhahabu za Ubelgiji, zile kali, hapo ndipo mazungumzo yangepaswa kuanza. Mfano wangu ni Duvel, kwa sababu ndiyo iliyowafungulia njia wengi wa aina hiyo. Kusini huku haipatikani kirahisi. Mara nyingi inakuja kwenye begi la mtu anayetoka Dar.

Tumalizane kwanza na hizo asilimia 8.5 za Duvel. Chupa yake ni ya mililita 330, kwa hiyo alkoholi iliyomo ni kama mililita 28. Bia yetu ya Safari ya nusu lita, yenye asilimia 5.5, ina mililita 27 na nusu. Waliokunywa moja moja wako karibu sawa. Anayeumia ni yule anayeona chupa ni ndogo, akaipiga kwa mwendo wa Safari na kuagiza nyingine kabla ya ile ya kwanza kufika kichwani.

Na kweli inadanganya, maana imetengenezwa idanganye. Kiwanda chake kiko Breendonk, Ubelgiji, kilianzishwa na Jan-Leonard Moortgat mwaka 1871. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanawe Albert alikwenda Uskoti kutafuta chachu, na bia iliyozaliwa kutokana na chachu hiyo ikapewa jina la Duvel mwaka 1923. Kwa miaka mingi ilikuwa bia ya rangi nzito. Hii nyeupe ya dhahabu tunayoijua ilikuja mwaka 1970, wakati laga, bia nyepesi za jamii ya Safari, zimeshateka soko la Ulaya. Kwa macho inafanana na laga. Ukiiweka jirani na bia ya Kilimanjaro, mtu aliye meza ya pili hatajua ipi ni ipi, labda ashangae povu tu.

Siri kubwa iko kwenye sukari. Wengi wakisikia bia imetiwa sukari wanategemea utamu, kumbe ni kinyume chake. Kimea huacha vitu ambavyo chachu haiwezi kuvila, na hivyo ndivyo vinavyoipa bia uzito na utamu mdomoni. Sukari ya kawaida chachu huila yote, ikabaki alkoholi na gesi. Kwa hiyo bia inapata nguvu bila kunenepa. Kisha inatiwa chachu tena na kuchachuka upya ndani ya chupa, ndiyo maana povu lake linapanda hivyo, na ndiyo maana chini kuna machicha. Mimina taratibu, glasi ikiwa imelala, na hicho kidole cha mwisho kiache kwenye chupa.

Sasa inuse. Kuna peasi, kuna ganda la chungwa, na nyuma yake pilipili manga kwa mbali. Hakuna tunda wala kiungo kilichotiwa humo. Ni kazi ya chachu, inayofanya kazi kwenye joto kubwa kuliko chachu ya laga. Mdomoni gesi inatangulia, utamu unapita haraka, halafu uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unakuja na kukausha ulimi. Ukikausha, umemaliza, unataka tena. Kipimo changu kiko hapo: bia kali nzuri inakuacha na ulimi mkavu na msafi. Ikiacha utamu wa kunatanata, au ikichoma koo kama pombe iliyokenekwa, mtengenezaji kashindwa, hata asilimia ziwe kumi.

Mhudumu atakuuliza, "Baridi au ya moto?" Kwa bia hii majibu yote mawili ni mabaya. Ikitoka kwenye friza imeganda, harufu inalala na kinachobaki ni gesi na uchungu. Ikiwa ya moto, kwa joto letu hili la pwani, alkoholi inajitokeza mbele ya kila kitu. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika kama kumi, ndipo uimimine. Pembeni weka korosho za kukaanga zenye chumvi. Gesi inafuta mafuta ya korosho, na korosho inalainisha uchungu. Sijaona kitafunwa cha Ubelgiji ninachoweza kubadilishana nacho.

Watu wa huku tusijifanye wageni wa mambo haya. Aliyekulia Tandahimba au Newala anajua kutofautisha uraka, ile pombe ya mabibo, wa leo na wa jana kwa kunusa tu. Anajua ukakasi wa mabibo, na uchachu ukizidi, anajua uraka umeanza kugeuka siki. Mnywaji wa tembo la mnazi hana haja ya kuambiwa kwamba kinywaji kilicho hai hubadilika kila saa. Ulimi tunao, ila tukienda kaunta tunauacha mlangoni. Nadhani nipa, pombe ya mabibo iliyokenekwa, imechangia. Ukizoea kinywaji ambacho sifa yake ni kuchoma, na ambacho sheria inakikataza kwa sababu nzuri tu, unaanza kudhani kila chenye nguvu lazima kichome.

Lawama nyingine ni ya wauzaji. Nimenunua chupa za aina hii kwenye duka lililozipanga dirishani, jua la saa nane likizipiga. Ladha ilikuwa ya karatasi iliyoloa. Joto huichosha bia yoyote, hata hii inayoweza kutunzwa muda mrefu mahali penye ubaridi na giza. Soma tarehe kwenye chupa, kisha uliza imekaa wapi. Ikiwa imekaa dirishani, nunua Safari uende zako.

Kwa ile iliyotunzwa vizuri, natoa nane kwa kumi. Harufu na ukavu wa mwisho vinastahili alama zote. Mbili nilizokata ni kwa sababu glasi inapobaki theluthi imeshapata joto la Mtwara, na ule ujanja wa kuficha nguvu unaanza kufichuka. Huenda Breendonk jambo hilo halitokei.