Chembe ndogo, chembe ndogo, mmetuchosha

Nimesoma ripoti ya bomba la mvuke lililopasuka kando ya weldingi, kurasa kibao, halafu hitimisho eti saizi ya chembe (zile fuwele ndogondogo zinazounda chuma) iko ndani ya viwango. Basi, imeisha hiyo. Bomba limekaa kwenye joto miaka na miaka, limefunguka, na sisi tunaambiwa chembe zake ni ndogo na nzuri. Hongereni.

Jamani, habari ya chembe ndogo kuimarisha chuma ni ya chuma baridi! Ukishapita kama 0.4 ya joto la kuyeyuka (kwa kelvini tafadhali, sio selsiasi) mambo yanageuka, mipaka ya chembe, pale zinapokutana, ndiyo inakuwa njia ya atomu kupita na chembe zenyewe zinaanza kuteleza. Ikiwa ni kripu (chuma kunyumbuka polepole kikiwa kwenye joto na mzigo) ya aina ya Coble, ile ya atomu kupita mipakani, ukipunguza kipenyo cha chembe kwa nusu kasi yake inapanda mara 8. Mara nane! Na vyuma vya kromu 9% vinapasukia wapi? Mara nyingi kwenye ule ukanda wa chembe ndogo pembeni ya mshono wa weldingi, ambako joto lake limeshavuruga kabaidi (vipunje vigumu vya metali na kaboni) zilizokuwa zinashikilia mipaka.

Halafu saizi yenyewe ni nusu ya habari. Angalia vitobo vidogo vinavyoota ndani ya chuma kwa hadubini uone vimejipanga wapi, vingi viko kwenye mipaka iliyokingama na mvuto (nguvu inayokivuta chuma), hapo ndipo vinaungana mpaka unapata ufa, wakati mipaka inayolala sambamba na mvuto mara nyingi imekaa salama tu. Akina VerSnyder wa Pratt & Whitney, kampuni ya injini za ndege, waliliona hili miaka ya 1960, wakagandisha bledi (mapanga) za tabaini chembe zote zikalala kufuata urefu wa bledi, baadaye ikaja bledi nzima fuwele moja, haina mpaka wa chembe hata mmoja, na boroni ya kuimarisha mipaka ikapunguzwa au kutolewa kabisa, aloi ikavumilia joto zaidi.

Salfa ikijaa mpakani nayo ni balaa, inaudhoofisha, hilo sibishani na mtu.

Haya, diski ya tabaini (ile inayoshika bledi) inataka chembe ndogo, nakubali, ila yenyewe haipati joto la bledi na shida yake kubwa ni uchovu wa chuma, yaani kupasuka kwa mzigo unaojirudiarudia. Bomba sio diski. Kwa hiyo mnaoandika ripoti, kateni sampuli kando ya mshono, polisheni vizuri (asidi kidogo tu, ikizidi inapanua vitobo), mtuambie vitobo viko mpaka upi na kuna nini juu yake.