Baba mdogo, sijaja huku kuchezea panya

Juzi nimetoka maabara saa nne usiku, miguu inauma, nafungua simu nakuta baba mdogo katuma voisi ya dakika tatu kwenye grupu la ukoo. Ameanza na salamu, kaulizia baridi, halafu akafika alikokuwa anaelekea: “Mwanangu, watu huku wanakufa na mafigo, mashine hazitoshi, wewe ulikuwa unawahudumia vizuri tu, umeacha wagonjwa umekwenda Ulaya kuchezea panya.” Nikaisikiliza mara mbili. Sikumjibu usiku ule, ningemkosea heshima, na shikamoo yangu bado anayo, ila hilo neno limenikaa kooni siku tatu na najua sio yeye peke yake anayeliwaza, kwahiyo naandika hapa.

Nimefanya uuguzi miaka minne kwenye kitengo cha dayalisisi nyumbani, pale damu inaposafishwa kwa mashine figo zikigoma. Kuna mwaka tulipokea kina mama wawili wiki moja, wote wametoka kujifungua, wote walivuja damu nyingi, figo zikagoma. Umri karibu sawa, vitanda vimepakana, mashine ileile, mikono ileile. Siku ya tisa asubuhi nainama kuangalia mfuko wa mkojo wa yule wa kwanza nakuta kuna kitu chini. Nikapima: mililita 60. Aliyewahi kufanya kazi kule anajua furaha ya mkojo ilivyo, tuliitana, sista mkubwa alipiga makofi kabisa. Kesho yake 200, keshokutwa 700, na baada ya wiki mbili huyo dada akaenda kwao kambeba mwanae. Wa pili mfuko mkavu. Wiki ya tatu mkavu. Mwezi wa tatu bado anakuja mara tatu kwa wiki na mumewe kashauza bajaji iliyokuwa inawalisha. Mama yake akanishika mkono koridoni, akaniuliza, “Mwenzake amepona, huyu wangu amekosa nini?”

Sikuwa na jibu. Nikamfuata daktari wetu, na yeye hakuwa nalo.

Hilo swali ndo limenileta Hamburg, Ujerumani, baba mdogo, kutafiti kwa nini figo nyingine inapona na nyingine haiponi. Mashine inamshikilia mgonjwa asife wakati tunasubiri, haiponyi figo, na sisi tuliokaa nayo tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Daktari Willem Kolff alitengeneza mashine yake ya kusafisha damu huko Uholanzi mwaka 1943, vita inaendelea, na mgonjwa wa kwanza kuokoka kwa hiyo mashine, mama mmoja, alipona mwaka 1945. Tangu hapo mashine zimekuwa nzuri sana, lakini mpaka leo hakuna dawa hata moja iliyothibitishwa ya kuiponya figo iliyoumia ghafla. Hata moja! Tunatibu kilichosababisha, tunarekebisha maji na chumvi, tunasafisha damu, tunasubiri na kuomba Mungu. Mwaka 2013 wataalamu wa figo kupitia chama chao cha kimataifa walijiwekea lengo kwamba ikifika 2025 asife mtu kwa tatizo hili pale linapoweza kuzuilika. 2025 ilifika, na watu bado wanakufa. Sasa kama kila mtu atabaki kwenye kusubiri, nani atatafuta?

Shuleni tulifundishwa kwamba chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, basi, wanapigana na wadudu. Huku nimejifunza mengine kabisa. Figo mbili zinapitisha kama moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na damu ikikatika wanaoumia mapema ni seli za vile vimirija vidogo ndani. Ndani ya masaa machache nyutrofili, aina moja ya hizo chembe nyeupe, zinamiminika, zinawasha moto wa uvimbe. Zinafuata makrofeji, zile seli zinazomeza uchafu, na hapa ndo pananinyima usingizi: siku za mwanzo nyingi zinachochea ule moto, halafu taratibu zinageuka, askari anakuwa fundi, anaondoa vifusi na kuwaita wajenzi. Zisipogeuka, au zikichelewa, figo inajaa makovu, na kovu halichuji damu. Kipimo chetu cha kreatinini, uchafu wa damu ambao figo huutoa, hakioni lolote kati ya hayo, chenyewe kinapanda wakati madhara yameshatokea. Inawezekana kabisa kwa yule wa kwanza askari waligeuka na kwa yule wa pili hawakugeuka. Inawezekana, sijasema ndivyo ilivyokuwa.

Panya wenyewe, nieleze. Anakuwa kwenye usingizi wa dawa, mshipa wa figo unabanwa kwa kibanio dakika ishirini na kitu, unaachiwa. Kazi yangu inaanza baadaye, siku ya kwanza, ya tatu, ya saba. Figo lenyewe halizidi sana punje ya haragwe. Nalikatakata kwa wembe juu ya barafu mpaka liwe kama uji mzito, natia kimeng'enya cha kuziachanisha seli, nusu saa kwenye joto la mwili, nachuja kwenye wavu mwembamba, naweka antibodi zenye rangi, yaani protini zinazonata kwenye seli za aina fulani, kisha seli zinapita kwenye mashine moja moja mbele ya leza, inazitambua kwa rangi. Mara ya kwanza zile nukta zilivyoanza kujaa kwenye skrini, kundi hili huku, kundi lile kule, nilimkumbuka yule mama wa koridoni, nikatoka nje kidogo kupunga upepo.

Haya, baba mdogo ana haki kwenye mawili na namkubalia ingawa kwa shingo upande. Mashine kweli hazitoshi, na kila muuguzi anayeondoka anaacha pengo. Na panya sio mtu, mangapi yamemponya panya yakashindwa kwa binadamu.

Ila hilo la pili ndo linanipa nguvu zaidi. Kile kibanio kinafanana na chumba cha upasuaji, moyo umesimamishwa au figo inapandikizwa, na kinakaribia kidogo mama aliyevuja damu. Mtoto wa kwetu nyumbani mwenye malaria kali yeye hakubanwa mshipa. Chembe zake nyekundu zenye vimelea zimenata kwenye vimishipa vidogo, nyingine zimepasuka, na yaliyomwagika humo yanaumiza vimirija vya figo. Hiyo ni ajali nyingine, na huenda askari wanaipokea kivingine. Mtu ambaye hajawahi kumbeba huyo mtoto kwenda kwenye mashine, hilo swali halimjii kichwani, na sio kwa ubaya, hajaliona tu. Kwahiyo wadogo zangu mlioko maabara na mawodini mnaonitumia meseji mkiuliza kama mnafaa: mnafaa. Mmeona kitu ambacho wenzetu huku wanakisoma kwenye majedwali.

Kikao cha Jumatatu nilinyoosha mkono, sauti inatetemeka, nikauliza mbona hatufanyi malaria. Profesa akakaa kimya kidogo, akasema andika kurasa mbili, niletee Ijumaa.

Baba mdogo nimempigia leo asubuhi. Nilimsimulia habari ya wale kina mama wawili, hakuwahi kuisikia. Akauliza yule wa pili yuko wapi sasa. Nikamwambia. Tukanyamaza wote wawili, halafu akasema, “Haya, andika hizo kurasa.”

Nimemaliza moja.