Tapeti za Kuseti au za Haidroliki? Hesabu ya Injini ya EFI kwa Barabara za Uganda

Tapeti ni kipande kinachopokea msukumo wa kamshafti, mhimili wenye kamu zinazofungua vali za injini. Za kuseti, fundi ndiye anayeweka nafasi ndogo kati ya kamu na vali; za haidroliki, oili huiziba nafasi hiyo yenyewe. Subaru na Toyota walikabili suala hilo la kuchagua wakaishia pande tofauti. Injini za Subaru za EJ20 za miaka ya mwanzo zilikuja na tapeti za haidroliki, baadaye Subaru ikahamia kwenye zile za kuseti. Toyota ikafanya kinyume: Premio ya zamani yenye injini ya 1ZZ hutumia tapeti za kuseti, ilhali ile iliyotoka 2007 ikiwa na injini ya 2ZR ina haidroliki na roka za rola (mikono yenye kigurudumu inayosukuma vali). Magari haya yote yamejaa Kampala, ndiyo maana ubishi kati ya mafundi wa soko la Kisekka hauishi.

Wanaotetea haidroliki wana hoja nyepesi kueleweka. Tapeti hujaa oili, hujirekebisha yenyewe, haigongi, na mwenye gari hana haja ya kufungua kifuniko cha vali. Lakini inaishi kwa vijitundu vidogo sana. Oili ikichelewa kubadilishwa, au ikiwa ya kopo lisiloeleweka lilitoka wapi, uchafu huziba na tapeti huanza kupiga kelele. Injini ikizungushwa mno, tapeti inaweza kujaa kupita kiasi ikazuia vali isifunge vizuri. Ndiyo sababu watu wa mbio, pamoja na wanaoandaa magari ya Pearl of Africa Rally, hupendelea za kuseti: nafasi unaipima kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), hakuna kubahatisha.

Ila hapo kuna mtego, na mimi naona unapuuzwa. Kuseti 1ZZ si kukaza skrubu. Nafasi ikipotea inabidi kutoa kamshafti na kutafuta tapeti ya unene mwingine. Nani atalipia kazi hiyo kwenye gari ambalo linatembea? Matokeo yake haifanywi. Na tapeti inayogonga si ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni iliyonyamaza kwa sababu vali imezama kwenye kiti chake na nafasi imekwisha; hiyo ndiyo huunguza vali.

Kwa hiyo kwangu mwamuzi ni oili. Anayebadilisha kwa wakati, kwa oili anayoijua, achukue haidroliki alale usingizi. Gari linaloshinda vijijini na kupewa oili yoyote iliyopo dukani litavumilia zaidi likiwa na za kuseti.

Kwenye injini hizo, lakini, uchaguzi unaufanya siku unaponunua injini. Anayechagua kweli, kati ya tapeti bapa na za rola, ni mwenye Range Rover au Discovery ya zamani yenye Rover V8 ya pushirodi (vijiti vinavyopeleka msukumo wa kamshafti hadi kwenye vali), ambayo kamshafti yake inajulikana kwa kulika. Tapeti zake ni bapa, husuguana moja kwa moja na kamu, na oili nyepesi za petroli za kisasa zimepunguziwa fosforasi ili kulinda katalisti (kisafisha moshi), jambo lisilozifaa tapeti hizo. Kamshafti mpya hapo hudai tapeti mpya, kisha injini ishikiliwe karibu na mizunguko 2,000 kwa dakika 20 hivi, bila kuachwa silensi (ikiunguruma polepole). Tapeti za rola ni ghali, lakini hufungua vali haraka bila kuhitaji kuiacha wazi muda mrefu, na EFI (injini inayopewa petroli kwa kompyuta badala ya kabureta) inapenda hivyo.

Vijana wanataka ule mdundo wa kamshafti kali, inayoacha vali wazi muda mrefu. Kwa kabureta sawa, unaweza kuvumilia. Kwenye EFI, vali za kuingiza na za kutoa zikibaki wazi pamoja muda mrefu, mvuto wa hewa kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa) hupungua. Kompyuta inayosoma presha hudhani injini ina mzigo, inaongeza petroli. Sensa ya oksijeni nayo huona hewa isiyoungua na kuongeza tena. Mvuto huohuo ndio unaosaidia breki, na kwenye jamu ya Kampala breki unaigusa kila mara. Ndiyo maana kamshafti za EFI huwa na nyuzi 112 hadi 114 kati ya vilele vya kamu, wakati za kabureta hushuka hadi 106 au 108.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Kamshafti kali hunyang'anya nguvu ya chini, na hiyo ndiyo inayohitajika kupandia Kabale na mzigo. Mwenye kompyuta inayoweza kuandikwa upya, na fundi mwenye laptopu anayeijua kazi hiyo, ana cha kujaribu. Asiye navyo abaki na kamshafti ya kiwandani, pesa zake zikanunue oili na seti nzuri ya tapeti.